Kiti cha Wodi ya Wanawake

Haya yalimpata rafiki yangu alipopelekwa kujitolea hospitalini, katika utumishi wake wa taifa. Manesi walimwita Jeshi. Mama yake, Mungu amlaze pema, alifia wodi ya wanawake ya hospitali hiyo hiyo, na tangu mazishi Jeshi hakuwa amelia. Kila akisali aliomba japo chozi moja. Halikuja.

Siku ya pili nesi mkuu wa wodi hiyo akampa kiti cha magurudumu akirudishe stoo.

"Kunja vikanyagio, Jeshi. Gurudumu lake hulia kikibeba mtu tu. Kikiwa kitupu kina adabu kukushinda wewe."

Wagonjwa wakacheka. Akakunja vikanyagio vyote viwili, akakisukuma kimyakimya mpaka korido ya chini, isiyo na madirisha. Umeme ukakatika. Akaendelea, kiwiko kikipapasa ukuta. Kiti kikawa kizito, kisha gurudumu likaanza kulia, kwii, kwii, polepole.

Hakukimbia.

"Mama?" akauliza, na sauti ikamtetemeka kwa mara ya kwanza tangu makaburini.

Gurudumu likalia hadi mlango wa stoo, likanyamaza.

Taa ziliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Vikanyagio vilikuwa vimekunjuliwa.