Mgeni wa Ukutani

Nyumba za mbao za mtaa ule wa Bromma, Stockholm, zinafanana kama mapacha. Wafanyakazi wa Kiswidi wa zamani walijijengea wenyewe jioni baada ya kazi, wakashindilia maranda ya mbao ukutani kuzuia baridi. Ziada aliipenda yake siku ile ile ya kwanza.

Huko hakuna wa kukubishia hodi bila kupiga simu kwanza. Lakini alasiri moja ya Desemba, giza likiwa limeshaingia, Ziada akiwa jikoni anakaanga samaki, alisikia ngo, ngo, ngo, na neno likamponyoka kama kwao Tanga: "Karibu."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Mlio ulitoka ndani ya ukuta, penye ngazi ya kushukia ghala la chini. Harufu ya maranda yaliyooza ikajaa jikoni.

Mumewe, Wambura, alikwenda kutazama. Mlango wa ghala ulimbamiza, akaporomoka ngazi na mkono ukavunjika, na kabla Ziada hajamfikia, binti yao Rebecka, wa miaka minne, alishikwa nywele na kitu kisichoonekana, akaburutwa sakafuni huku akimwita mama yake kwa Kiswidi, hadi kichwa kikagonga ukuta, kikagonga tena, na damu ikachuruzika kwenye mbao nyeupe, na Ziada akimvuta miguu kwa nguvu zake zote asimezwe na ukuta ule.

Walikimbilia hospitali. Kesho yake alikuja Mama Concessa, Mkongomani wa kitongoji cha Tumba anayeombea watu. Alinusa ukuta, akanong'ona, "Ni nani alimuambia hii jini karibu?"

"Ni mimi, mama."

"Basi ni weye utamutosha, umufukuze. Miye mutu wa inje, hatanisikia."

Ziada alimkumbuka mwanawe, akaukabili ukuta. "Nilikukaribisha mimi, na mimi ndiye ninayekufukuza. Toka kwangu."

Ukuta ulipasuka. Misumari ilichomoka ikaruka, mmoja ukamchana shavu, maranda meusi yakamwagika mpaka magotini. Kisha kimya. Ziada alilia kwa furaha.

Wiki iliyofuata Wambura, mkono ukiwa kwenye plasta ngumu, aliziba ukuta kwa mbao mpya. Walikuwa mezani wanakula.

Ngo, ngo, ngo.

Ziada aliuma ulimi. Wambura aliweka kijiko chini.

Rebecka, bandeji kichwani, aliinua uso kutoka kwenye sahani, akakaribisha wageni kwa adabu kama walivyomfundisha chekechea.

"Kom in," alisema.

Na safari hii, lile jini lilikuwa limekaribishwa kwa lugha ya waliolijengea ukuta.