Kibehewa cha Shavuni

Mnataka niisimulie tena, na mimi ndiyo kwanza nimenawa mikono nile. Haya, mkitapika msinilaumu.

Shoga yangu mshonaji ameolewa na fundi saa, mzee mzima anayecheza na treni za watoto. Safari yao ya mjini aliipanga huyo mume: wapi watalala, wapi watakula nyama, na maduka matatu ya vijitreni. Katika duka la mwisho, muuzaji alikataa kumuuzia kibehewa kimoja, kidogo kama punje ya hindi.

"Hicho kina mwenyewe, baba."

Fundi saa amezoea kuweka skrubu mdomoni akiwa kazini. Alikibana shavuni, akatoka nacho. Akala nyama kingali shavuni, ptu!

Mchana uleule wakafunga mapazia mazito ya chumba wajilaze. Gizani shoga yangu akasikia magurudumu, taka-taka, taka-taka, polepole kama yanapanda mlima.

"Baba, unatafuna nini?"

Mlio ulikuwa unatoka mdomoni mwa mumewe; akakumbuka kile kibehewa cha dukani.

"Kiteme, nikakirudishe!"

"Nimekitafuta miaka kumi," akasema kwa tabu. "Lala, mama."

Ule mlio ukaenda na kurudi, na kila uliporudi ulikuwa mzito zaidi. Halafu kimya, na harufu ya mate yaliyochacha.

Akafungua pazia. Mumewe alikuwa amelala kinywa wazi, ufizi laini kama wa kichanga, bila tone la damu. Kibehewa kilikuwa juu ya mto, na nyuma yake meno yote ya mumewe yamejipanga mstari mmoja, nyama ya mchana ingali imenasa katikati.