Taa Iliyokuwa Nyuma ya Emlyn

Leseni nilikuwa nayo tangu Februari. Kwa hiyo jioni ile sikwenda kwa Glyn kujifunza pikipiki. Nilikwenda kumbana aseme jinsi alivyomuua kaka yangu.

Huku kwetu, katikati ya Wales, ukishafaulu mtihani unaambiwa sasa ndiyo uanze kujifunza. Unajiunga na kikundi, unapewa mwangalizi wa kujitolea, mnatoka pamoja. Mwanafunzi anatangulia, mwangalizi anakaa nyuma. Hakuna kusimama kuulizana njia. Akitaka upinde kushoto anawasha indiketa ya kushoto, wewe unaiona kwenye kioo, unapinda. Asipowasha kitu, unanyoosha. Tunafundishwa kuitii taa ya nyuma bila kubisha.

Emlyn aliitii. Alipinda kushoto kwenye njia ya machimbo ya mawe, njia iliyofungwa miaka mingi, akaenda moja kwa moja hadi shimoni. Mwangalizi wake alikuwa Glyn Pritchard, dereva wa basi la shule, ambaye kijiji kizima kinamwita Glyn Basi. Mbele ya hakimu aliapa kwamba hakuwasha indiketa. Mimi nilikuwa na hakika aliiwasha kwenye kona iliyotangulia, akasahau kuizima. Ni kosa dogo, kila mwendeshaji amewahi kulifanya. Lakini mtu mzima analikiri. Yeye alikuja msibani, akala keki ya mama, akampa mkono, akaondoka.

Nilimkuta nje ya mkahawa anamalizia chai, koti lake la njano la reflekta limefungwa hadi shingoni. Nikampa redio ndogo ya kufunga kwenye kofia ya pikipiki, tusikilizane njiani.

"Ya nini hii?" akauliza. "Sisi hatutumii redio. Mdomo ukifanya kazi, macho yanalala."

"Mimi natumia."

"Mererid, hivi kweli umekuja kujifunza?"

"Ifunge tu, Glyn."

Akaifunga. Nadhani alijua.

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya vilima. Nilitangulia, naye akaja nyuma, taa yake imetulia kwenye kioo changu cha kulia. Kwa muda alinifundisha kama kawaida.

"Tazama pale mbele kingo mbili za barabara zinapogusana," sauti yake ilisema sikioni. "Zikikukimbia, ongeza mwendo. Zikikusogelea, punguza."

"Emlyn ulimwambia hivyo hivyo?"

Kwenye kioo taa yake ilirudi nyuma kidogo.

"Nakuuliza wewe."

"Nilimwambia."

"Na indiketa, Glyn? Uliisahau inawaka, sivyo?"

"Sikuiwasha. Nimeshaapa."

"Umeapa uongo. Mama yangu hajalala vizuri tangu siku ile, na wewe bado unabeba watoto wa watu kwenye basi."

 Nilivuka daraja, nikaanza kupanda, taa bado iko kiooni. Nilikuwa nimekasirika, na nilimchukia kwa ule utulivu wake wa kukaa nyuma yangu bila kusema neno.

Ndipo indiketa yake ikawaka.

Kushoto.

Mbele yangu, upande wa kushoto, palikuwa na mlango mbovu wa mbao, uko wazi. Njia ya machimbo.

Damu ilinipanda kichwani. Nikaona ananidhihaki. Nikapinda.

"Haya, unanileta huku huku," nikasema. "Vizuri. Twende ukanionyeshe ulipomwacha."

"Nakuleta wapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa. "Mererid, uko wapi?"

"Usinifanye mtoto."

"Mimi niko huku darajani. Kondoo wamefunga barabara. Sijakuona tangu ulipoanza kupanda."

Na kweli... kwenye redio niliwasikia. Kondoo wanalia, na mtu anawapigia mluzi.

Kwenye kioo taa ilikuwa palepale. Karibu. Indiketa inawaka, inazima. Inawaka, inazima.

Nikageuza kichwa, nikatazama juu ya bega kama tulivyofundishwa.

Hakukuwa na mtu.

Nikarudisha macho kiooni.

Yupo.

Harufu ikaingia ndani ya kofia. Mafuta yaliyoungua, na pipi kifua kali ya mnanaa, kama mtu anayeimung'unya anapumua usoni mwangu. Nikatazama mbele. Kingo mbili za njia zilikuwa zinanisogelea, mbio, halafu hazikuwepo tena. Nikakamata breki zote mbili. Gurudumu la nyuma likateleza, likachora matope, pikipiki ikasimama. Kokoto zikaanguka mbele yangu. Zilichukua muda kufika chini.

Kwenye kioo taa ikazimika.

Halafu, sikioni, sauti ya mzee ambayo haikuwa ya Glyn. Ya upole kabisa.

"Hukuimaliza kona, binti. Rudia."

Nilishuka nikaburuta pikipiki kurudi nyuma, sijui kwa nguvu gani. Glyn alinikuta pale kwenye mlango wa mbao. Hakuuliza kama nimeumia.

"Umesikia pipi kifua?" alinong'ona.

Sikuwa nimemwambia habari ya harufu.

"Kwa hiyo unajua," nikasema.

Akavua kofia. Uso ulikuwa mweupe.

"Idwal," akasema. "Ndiye aliyekuwa mwangalizi hapa kabla yangu. Macho yalipomharibikia tulimwondoa. Alikuwa anawapeleka watu kwenye njia ambazo hazipo tena. Alikasirika sana. Alisema wanafunzi ni wake, hakuna wa kumnyang'anya. Babu yake alikuwa mganga, wa wale waliokuwa wakiwaandikia wafugaji hirizi za kuficha kwenye zizi. Sisi tukacheka. Akafa majira ya baridi yaleyale."

"Na Emlyn?"

"Emlyn..." Akautazama ule mlango wa mbao. "Kati yangu na Emlyn kulikuwa na pikipiki nyingine. Nilifikiri ni mwenzetu amejiunga njiani. Niliiona inawasha kushoto. Niliona Emlyn anapinda."

"Na wengine wameshawahi kuiona?"

"Wawili watatu. Kabla ya Emlyn. Hao walisimama kabla ya kufika shimoni."

"Mlijua." Nilimshika ile reflekta kifuani. "Mlijua, mkaendelea kuandikisha watu. Kaka yangu mlimtanguliza kwenye barabara hii huku mnajua."

"Ningemwambia nini hakimu? Mzimu umewasha indiketa?"

"Ungemwambia mama. Mama angekusikiliza."

Alilia. Sikumhurumia hata kidogo. Nilitaka alie zaidi.

"Sasa unakwenda kumwambia," nikasema. "Leo hii. Panda."

Akapanda. Kisha akanitazama, na wote wawili tukalielewa jambo moja kwa wakati mmoja. Barabara ni nyembamba. Lazima mmoja atangulie.

"Mererid, tafadhali..."

"Tangulia wewe, Glyn. Mimi nitakaa nyuma. Upate kujua kaka yangu alijisikiaje."

Alitangulia. Tulishuka polepole, giza linaingia, taa yangu mgongoni mwake. Sikuona kitu kingine barabarani. Nilichokuwa nacho ni hasira tu, ya moto, na niseme ukweli, niliifurahia. Nilifurahia kuona mabega yake yanavyotetemeka.

Tulipofika kwenye mteremko wa bwawa, barabara inakwenda kulia. Kushoto kuna nyasi, kisha maji.

Glyn akapinda kushoto.

"Simama," nikapiga kelele redioni. "Glyn, simama."

Alisimama gurudumu la mbele likiwa limeshaingia kwenye matete. Nikamkimbilia. Alikuwa amekaa vilevile, hajazima injini, ananitazama kupitia kioo.

"Umewasha kushoto," akasema.

"Mimi?"

"Nimeiona. Kwenye kioo. Ilikuwa taa yako, Mererid, sikuchanganya. Umewasha, nikakutii."

"Sikugusa kitu."

Nilitazama nyuma, kwenye pikipiki yangu pale barabarani. Indiketa haikuwa inawaka. Nilijaribu kukumbuka kidole gumba changu cha kushoto kilikuwa wapi. Sikuweza kukumbuka.

"Unanichukia kiasi hicho?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimwapie. Nikaona macho yake, nikayatambua. Ndivyo nilivyokuwa nikimtazama yeye tangu tumzike Emlyn, na hakuna neno ambalo angeweza kusema nikaliamini.

Pikipiki tuliziacha palepale. Tulitembea hadi kwa mama, bega kwa bega, katikati ya barabara, kwa sababu yeye hakukubali niwe nyuma yake, na mimi sikukubali awe nyuma yangu.  Upepo ulitoka bwawani, na kila ulipovuma nilisikia pipi kifua.