Usimfukue Askari Umar

Simu yangu ilikaangwa pamoja na mandazi, nikiona!

Sitanii, wapendwa. Babu Fadul alininyang'anya, akaitupa kwenye karai la mafuta yanayochemka, hapa hapa mlangoni kwetu Kibera.

"Hadia, achana na hizo rekodi za askari!"

"Babu! Umechoma simu yangu?!"

"Ukiendelea, tutazika mtu kwa hii nyumba."

Nikaganda. Babu Fadul ni ndugu wa Haboba, bibi yangu Sitelbanat. Mama mmoja, baba tofauti. Maisha yangu yote sijawahi kumsikia akipaza sauti.

Kosa langu? Haboba ni mgonjwa, na ombi lake ni moja tu: ajue baba yake, Askari Umar, amelala wapi. Tangu utotoni aliambiwa alipotelea vitani, Burma. Basi nikamtafuta Timothy wa Kawangware, mtu wa kusaka rekodi za jeshi la mkoloni. Asubuhi hiyo alinitumia picha za faili. Nilipotamka tu kwamba zimefika... karai!

Nikasema liwalo na liwe. Nikaenda Kawangware mwenyewe.

Timothy alifungua mlango, uso umemsawijika.

"Hadia, keti kwanza."

"Alikufa wapi?"

"Hakufa. Aliungua uso, akalazwa India, huku wakamhesabu amepotea. Lakini ona hapa, anaachishwa jeshi. Nairobi. Mzima!"

Kama alirudi mzima, na Babu hataki ijulikane, nani alimmaliza?

Mlango ukasukumwa...

Babu Fadul! Alikuwa amenifuata kutoka Kibera. Nikanyanyua kiti, tayari kumtwanga nacho.

Lakini mzee wa watu aliketi sakafuni, akalia.

"Alirudi, Hadia. Akapata eda ilishaisha, ndugu yake ameoa mama yetu. Na mama ako na mimba. Hiyo mimba ni mimi! Angejitokeza, ndoa ingevunjika. Akageuka, akaja kuishi huku Kawangware na jina lingine."

"Wewe ulijuaje?"

"Kila mwaka tukimsomea hitima na kulisha maskini, alikuwa anakuja kukaa nao, anakula. Hakuna mtu alimjua na ule uso. Siku moja mvua ilinyesha sana, nikamsindikiza mpaka huku. Akaniambia, akaniapisha. Na mwenye alikuwa anampakulia ni dadangu! Akijua si atakufa?"

Kumbe Haboba ndiye mtu tungemzika. Na mimi Babu nilishamuita muuaji moyoni! Niliona aibu.

Tulirudi pamoja. Nilimshika Haboba mkono, nikamwambia yote. Babu hakuthubutu kuinua macho.

Haboba akajiinua kitandani... Nikaogopa kweli kweli.

"Yule mzee wa uso wa kuungua?"

"Ndiye, Haboba."

"Alikuwa analia akikula. Mimi nikadhani ni pilipili. Nikawa namuwekea sahani yake kando, bila pilipili. Na bado alilia."

Nililia mpaka kwikwi.

"Fadul, amelala wapi?"

"Makaburini kwetu, dada. Nilimzika mwenyewe."

"Na umeniacha nikipita hapo miaka yote hii?"



Haboba hakufa, wapendwa. Aliomba nguo yake ya kutokea, akataka kupelekwa sasa hivi. Alimkataza Babu kumshika mkono njiani.

Unayemficha mtu msiba wake ukidhani unamlinda, mwambie angali hai. Mwenye haki ya kulia, mwache alie.