Kiapo Kilichobaki Jina Tu

Nilimdanganya mcha Mungu, mchana kweupe, mkono wangu ukiwa juu ya laptopu yake. Nilimwambia kila kitu kimehamia kwenye diski mpya. Hakikuhamia. Astaghfirullah. Elimu yangu ni ya darasa la saba na ufundi nimeupata kwa kuangalia wenzangu, kwa hiyo nitaeleza nijuavyo.

Mwenye laptopu tunamwita Mwalimu. Anasomesha watoto Kurani, na waliopandwa na majini huletwa kwake awasomee. Jini likikubali kutoka, hulitaka liape. Zamani viapo aliviandika kwenye daftari. Mchwa wakalila daftari, na kabla wiki haijaisha watu wawili waliopona wakaanza upya. Tangu hapo akawa anarekodi sauti kwenye laptopu. "Anayeponya ni Mungu," husema. "Kiapo ni shahidi tu. Lakini shahidi akifa, kesi inafufuka."

Kiapo cha kwanza kurekodiwa kilikuwa cha jini lililomwingia binti yake, mshonaji, miaka sita nyuma. Halikumwangusha wala kumpigisha kelele. Lilimtia ganzi. Siku moja alishika sufuria ya moto kwa mikono mitupu, akauliza majani ya chai yako wapi. Lilipotoka liliapa: maadamu maneno yangu haya yapo, sirudi.

Sasa laptopu yenyewe ikaugua.

"Inagugumia kama mzee asiye na meno," alisema Mwalimu, akiiweka mezani kwangu.

"Diski imechoka, Mwalimu. Nitainakili yote kwenye mpya, ukiwasha utaikuta vilevile."

"Yote?"

"Ni kama kuhama nyumba. Hata kijiko hakibaki."

"Vijiko sivitaki, fundi. Nataka zile sauti."

Nikaunganisha diski mbili, nikaanza. Ilipofika asilimia sabini na moja, kazi ikasimama. Diski ya zamani ikagonga, ta, ta, ta. Kioo kikaniuliza: sehemu hii haisomeki, ujaribu tena au uruke? Fundi mvumilivu hujaribu tena, maana sehemu mbovu huweza kusomeka hata mara ya ishirini. Mimi nilikuwa na njaa. Nikachagua kuruka zote. Duka likanuka nywele zilizoungua. Nikagusa waya mmoja mmoja. Zote zilikuwa baridi.

Mwalimu alipokuja alifungua orodha. Majina ya sauti yote yalikuwepo, na tarehe zake, na urefu wake. Hakuzisikiliza. Sauti za majini hazichezwi ovyo.

"Kimehama chote?"

"Chote, Mwalimu."

Siku ya nane, mteja aliyekuwa akisubiri gauni lake aliona kitambaa kinaloa damu. Sindano ya cherehani ilikuwa inapita katikati ya kidole cha mshonaji, na mguu wake bado unakanyaga.

"Dada, kidole! Kidole chako!"

Akakitazama kama cha mtu mwingine. "Kumbe," akasema, akaendelea kushona.

Baada ya hapo ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ikakaa kwenye mapazia. Kisha meno yake yakaanza kugonga, ta, ta, ta, mdomo umefungwa, uso umetulia. Mama yake akawa anamlisha kwa kijiko, maana alikuwa anatafuna ulimi wake bila kujua.

Mwalimu alimsomea asubuhi na jioni. Kila jini alilolijua alilitaja, isipokuwa moja. Aliponiita nyumbani kwake kuitazama printa nilimkuta amekonda.

"Mwalimu," nikanong'ona, "si lile la zamani?"

"Lile liliapa. Kiapo kipo, nimekiona kwa macho yangu. Labda ni mishipa. Daktari naye haoni kitu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema printa inataka wino.

Akaenda kusalisha alasiri. Mkewe alikuwa uani anafua, binti amelala nyuma ya pazia, nami nikavaa visikilizio, nikakitafuta kiapo kile cha miaka sita, nikakicheza, na ndani yake hapakuwa na kitu, si sauti, si mkoromo, si hata pumzi ya Mwalimu akisubiri jibu, dakika nne za utupu mtupu, nami nikazisikiliza zote kwa sababu nilishindwa kunyanyua mkono, na kadiri zilivyokwenda harufu ikazidi kunisogelea, na ule mgongano wa meno nyuma ya pazia ukapungua, ukapungua, mpaka ukakoma, na nilipovua visikilizio yule binti alikuwa ameshalisogeza pazia, ananitazama bila kupepesa, akasema kwa sauti yake ya kawaida kabisa, ya upole, kama anayeagana na mgeni:

"Tunajua wawili tu, fundi. Tunyamaze."

Nikanyamaza. Huo ni mwezi sasa. Sikulia, sikuogopa hata, nikafunga begi langu nikaenda nyumbani. Juzi nilijichoma na chuma cha kulehemu, nikajua kwa harufu.

Diski ya zamani nimejaribu kuiamsha, haizunguki tena. Haitasaidia. Kitakachosaidia ni Mwalimu ajue kwamba hana kiapo, aache kupiga pembeni, aliite lile lile kwa jina lake na kulitoa upya. Yule binti sasa hali chakula, na anayemzuia baba yake kumtibu ni mimi.

Kesho baada ya adhuhuri nakwenda kwake. Nimeshakwenda mara tatu, na mara zote nimefika mlangoni nikaulizia printa. Ndugu yangu, nakuomba twende wote. Ukiona nimeanza habari za wino, mwambie wewe.