Skrini Utajitafutia

Mchana ule uchochoro wa vifaa vya umeme ulikuwa umefurika watu kama kawaida yake. Wachuuzi waliita, spika za kila duka ziligombana na za jirani, na katikati ya zogo hilo mwanamume mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likapigika alikuwa akipita mlango hadi mlango na kinasa sauti mkononi.

Alipofika kwenye duka la skrini kuukuu, mwenye duka alikuwa amepiga magoti nyuma ya kaunta, bisibisi mdomoni, nywele kazifunga kwa kitambaa chekundu. Hakuinuka. Hakuwa na tabia ya kumheshimu mtu asiyemjua, na hao aliowajua ndio kabisa.

"Samahani, dada. Natoka redioni. Tunawauliza wafanyabiashara kuhusu hii kompyuta ya mezani inayosemekana inakuja. Ya bei nafuu, inauzwa bila skrini."

Ile sauti aliijua. Kila siku adhuhuri ilimwagika kutoka redio ya jirani yake, muuza makava ya simu, imepakwa asali, ikisoma tetesi za vifaa vipya. Leo kisanduku cha kompyuta hiyo ni cheusi, kesho ni cheupe. Leo kinatoka mwezi ujao, kesho kimeshatoka huko kwa wenzetu. Na kila mara ilifunga kwa msemo uleule: lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Akatoa bisibisi mdomoni. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," mtangazaji akatabasamu, amezoea kusifiwa.

"Nilidhani ni mzee amestaafu, anatafuta pa kupitishia mchana. Kumbe kijana mzima, mwenye nguvu zake, na kazi hana."

Tabasamu halikuondoka, ila lilikaa upande. "Haya. Hiyo kompyuta unaionaje?"

"Nitaionaje na skrini haina?"

Mtangazaji alicheka hadi kinasa sauti kikamponyoka. Aliinama kukiokota, naye akainama kukiokota, na chini pale, kati ya nyaya na vumbi, wakatazamana kwa karibu kuliko walivyokusudia. Mwanamume alikuwa na macho ya mtu anayecheka hata akiwa peke yake. Mwanamke akaona upuuzi mtupu. Akaendelea kuutazama.

Kesho yake jibu lile lilirushwa hewani, na mji mzima ukalicheka. Wasikilizaji wakampa jina: Bi Wembe.

"Mwanaume mzima anasoma umbea kwenye maikrofoni," alimwambia mama yake mdogo, ambaye ndiye aliyemlea na bado waliishi pamoja.

"Ndiyo," akasema mama mdogo, akikunja nguo. "Na simu yake unaipokea kabla haijamaliza kulia."

Maana simu zilikuwa zimeanza.

"Wembe wangu, umeshindaje?"

"Salama. Leo umewadanganya nini?"

"Nimewaambia kisanduku ukubwa wake ni kama mkate."

"Umekiona?"

"Sijakiona."

"Aliyekuambia amekiona?"

"Naye kaambiwa."

"Basi ni mkate kweli, mpenzi. Kila mtu anameza tu."

Neno *mpenzi* lilimtoka bila ruhusa. Upande wa pili wa simu sauti ya asali ikasema taratibu, "Rudia hilo la katikati."

"Simu yako ina matatizo. Lala salama."

Wakaanza kutoka pamoja. Bi Wembe alivaa gauni la manjano lililomkaa kiunoni kama lilishonwa akiwa ndani yake. Mtangazaji alivaa viatu vyenye ncha ambavyo Bi Wembe alivicheka barabara nzima. Mgahawani, juu ya vikombe vya chai, Bi Wembe alimweleza jambo kwa uzito, huku akichora kwa kidole juu ya meza.

"Sikiliza. Mashine za siku hizi zinakuja na matundu madogo ya kuchomekea waya. Skrini zangu za zamani zina matundu makubwa. Kama hicho kisanduku chenu kipo, huenda visioane. Sema hilo redioni."

"Nitasema."

"Utasema lini?"

"Kesho, roho yangu. Naapa."

Kesho ilifika. Muuza makava alipandisha sauti ya redio, na Bi Wembe akasikia kwa masikio yake: "Ndugu msikilizaji, skrini utajitafutia! Hata ile kuukuu ya ofisini, chomeka tu, kazi iendelee!"

Kufikia jioni duka lilikuwa na foleni. Watu ambao mwaka mzima walipita mlangoni kama hawauoni sasa walisukumana kununua skrini za kompyuta ambayo haijazaliwa. Mwanzoni alijaribu. "Sina hakika kama itaingia," akamwambia wa kwanza. "Redio imesema," akajibiwa, kwa sauti ya kumhurumia. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu Bi Wembe hakumwambia kitu. Aliwatazama wakitoka na mizigo yao, wamevimba kwa furaha, akacheka kwa pua. Wajinga ndio waliwao. Akauza hadi rafu zikabaki na vumbi.

Ila mwenye kucheka wavumishaji naye hakosi wa kumvumisha.

"Shemeji yetu anajua kupiga debe," alisema muuza makava siku moja, akimkonyeza. "Wengine hatuna wachumba wa redioni."

Neno lile lilitembea. Lilipanda ngazi za kituo cha redio, likaingia ofisi ya mkuu wa vipindi, na mtangazaji akaitwa aulizwe analipwa nini na mwenye duka lile. Alitoka humo hana kipindi. Akampigia Bi Wembe simu.

"Nijibu kweli. Umemwambia mtu yeyote kuwa nakutangazia biashara?"

"Mimi?" Damu ilimpanda. "Mimi nikuombe wewe unitangazie?"

"Nauliza tu. Wananiambia ulinitafuta kwa ajili ya redio."

"Wanakuambia! Na wewe, kama kawaida yako, umeambiwa ukaamini. Nikwambie ukweli? Sijaiheshimu kazi yako hata siku moja. Hata ukifagia barabara ningekuheshimu zaidi, maana mfagiaji huacha mahali pakiwa pasafi."

Sauti iliyorudi haikuwa na asali.

"Hilo nililijua. Nilidhani mimi mwenyewe unaniheshimu."

Akakata. Bi Wembe aliitazama simu kama inayomdai maelezo, kisha akaitupa kitandani. "Aende zake," akamwambia mama mdogo. Mama mdogo akaenda jikoni. Alimwekea chakula, naye hakukigusa.

Kisha kisanduku kikaja.

Ukweli ulikuwa huo: kilikuwepo. Cheusi, kidogo, nafuu kama ilivyosemwa. Na nyuma yake kulikuwa na matundu madogo ambayo waya wa skrini kuukuu haukuwa na jinsi ya kuyaingia.

Walirudi wamezikumbatia skrini kama watoto wagonjwa. Bi Wembe alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hii haichomeki!"

"Nilisema inachomeka? Nendeni mkaidai redio. Masikio ni yenu, mliyatumia mlivyotaka."

Mmoja alimtukana, naye akarudisha tusi lenye ncha zaidi. Mwingine alitishia kwenda polisi, akamwelekeza njia. Alikuwa hodari siku ile, na kila alivyoshinda ndivyo alivyozidi kukwepa macho yao.

Wa mwisho alikuwa mwalimu mstaafu, mama mfupi, skrini kaifunga kwa shuka na kuibeba kichwani. Hakugomba. Aliitua juu ya kaunta, akajifuta jasho.

"Mwanangu, nikuulize kitu kimoja tu. Wewe ni fundi. Siku ile nanunua, ulikuwa unajua?"

Bi Wembe alifungua kinywa. Maneno yote yaliyokuwa yamejipanga humo tangu asubuhi yalitawanyika.

"Nilijua huenda isichomeke," akasema.

"Aha," alisema mwalimu, wala hakukasirika. Aliitazama sura yake kidogo, kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi aliyemtarajia afaulu, akaondoka akaiacha skrini palepale.

Duka likawa kimya. Kwa jirani redio ilikuwa inasema, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumgombeza, akasikiliza. Ilikuwa ile sauti. Wamemshusha hadi kwenye matangazo madogo. "Kimepotea cheti cha kuzaliwa, ndani ya bahasha ya kaki. Mwenye nacho anajua kinavyohitajika, tafadhali akirudishe." Alisoma polepole, kila jina kwa ukamilifu wake, kama aliyepoteza ni ndugu yake.

"Huyo sasa ana faida," muuza makava alisema. "Pochi ya dada yangu ilitangazwa juzi, jana imeletwa hadi mlangoni."

Bi Wembe alifunga duka jua likiwa bado kali, akavaa gauni la manjano, akapanda ngazi za kituo cha redio. Alimkuta mtangazaji kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, karatasi mbele yake. Amekonda. Hakusimama.

"Umekuja kunicheka?"

"Nimeleta tangazo."

Akalisoma. Akainua macho. "Nisome hivi hivi? Hapa umeandika 'alijua'."

"Hivi hivi."

Taa nyekundu ikawaka. Bi Wembe aliambiwa kwa ishara akae, anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alinyamaza akamsikiliza bila kumkatiza.

"Duka la skrini kuukuu linawatangazia wote walionunua skrini kwa ajili ya kompyuta mpya. Skrini hizo hazichomeki. Mwenye duka alijua huenda zisichomeke, akauza. Warudi nazo, watarudishiwa fedha zao." Alimeza mate. Lililofuata halikuwa kwenye karatasi. "Na msomaji wa tangazo hili alionywa mapema, hakusema. Tangazo linalofuata..."

Walikutana kwenye ngazi zamu ilipoisha.

"Kwa nini umeongeza maneno?" akamuuliza. "Watakufukuza."

"Lilikuwa halijakamilika." Aliegemea ukuta. "Uliponiambia habari ya matundu niliamini. Nikaona nikilisema litaharibu utamu."

"Na mimi nilikuona mjinga, na wao wajinga, nikauza. Sijui nani kati yetu ni mbaya zaidi."

"Wewe," akasema. "Mimi angalau nilikuwa na sauti nzuri."

Bi Wembe alicheka, na kicheko kikamgeukia machozi njiani. Mtangazaji akamshika mkono, naye hakuuondoa.

"Nikija kwenu kuposa," akasema chini chini, "mama mdogo atauliza nafanya kazi gani."

"Ataanza na hilo."

"Utamjibu nini?"

Bi Wembe alifikiri, safari hii hakuharakisha ulimi.

"Nitamwambia anasoma matangazo ya watu waliopotelewa, na wanapata."

Mtangazaji alimtazama usoni kutafuta mzaha. Hakuuona. Ikabidi akae kwanza pale kwenye ngazi, na mwanamke akakusanya gauni lake akakaa pembeni yake kumsubiri.