Aliyeikimbia Sale

Jioni ile Hellen alichelewa kupeleka maziwa, na kosa lilikuwa la ng'ombe. Ng'ombe yule alikuwa na kiburi cha kubana maziwa kila akikamuliwa na mtu mwenye haraka. Mpaka Hellen anafunga mfuniko wa keni, jua lilishazama nyuma ya migomba na ukungu ulikuwa unateremka kutoka msituni. Alijitwisha keni, akaifuata barabara ya udongo inayoambatana na mfongo, ule mfereji wa wazee unaoleta maji vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya nyumbani, akielekea kituo cha kukusanyia maziwa.

Hakuwa mtu wa kuogopa giza. Masama yote alikuwa anaijua kwa miguu.

Pa... pa... pa...

Nyayo tupu, nyuma yake, zinapiga udongo. Akasogea pembeni ampishe mtu. Ikatangulia harufu, ya mafuta ya taa na nguo iliyolala imelowa. Kisha akapita mwanamke aliyevaa koti la mvua la bluu, miguu peku, anapanda mlima mbio.

Kilichomshtua Hellen si mbio. Wanaojiandaa na marathoni ya Moshi anawaona kila mwaka wakijitesa barabarani. Ila mlima ule hata mbuzi huupanda akisimama kupumzika, na mwanamke yule hakuwa anahema.

Hakuwa anapumua kabisa.

"Za jioni, dada?" Hellen akasema, maana huku kumpita mtu bila salamu ni matusi.

Mwanamke akageuza shingo. Miguu haikupunguza mwendo.

"Mwambie mumeo nimepita."

Ukungu ukamfunika. Hellen hakufika na yale maziwa kituoni.

Nyumbani alimkuta Wilson, mumewe, kwenye benchi la jikoni, mikono magotini, mdomo wazi, anavuta hewa kwa shida. Ugonjwa huo ulikuwa umemshika tangu masika, na ulikuja jioni tu. Hospitalini Moshi walimpiga picha ya kifua, wakasema mapafu ni safi, wakampa dawa ya kupuliza mdomoni ambayo haikumsaidia lolote. Mtu aliyepanda Kilimanjaro mara nyingi kuliko alivyoingia kanisani, sasa kwenda chooni kulimshinda.

"Nimekutana na mwanamke barabarani," Hellen akasema. "Anakimbia. Ana koti la bluu. Ameniambia nikwambie amepita."

Bibi Ndelilio, mama yake Wilson, alikuwa anamenya ndizi kando ya moto. Kisu kikasimama.

"Mwambie," akamwambia mwanawe. "Mwambie mkeo leo, au nitamwambia mimi."

Wilson akaanza kulia. Maneno yakamtoka vipande vipande, kila kipande kinasubiri pumzi yake.

Mwanamke yule aliitwa Mektrida, wa Kibosho. Alikuwa mpagazi wa kubeba mafuta ya taa ya jikoni, Wilson akiwa mwongozaji msaidizi wa wageni, kabla hajamwoa Hellen. Wakiwa kambi ya juu Mektrida aliumwa kichwa, akakohoa mapovu, akaomba ateremshwe. Wageni walikuwa wanataka kufika kileleni, na Wilson alikuwa anataka sifa. Alimkalisha nyuma ya jiwe, akiwa na koti lake la mvua tu. Akamwambia, kaa hapo, pumua tu, narudi sasa hivi. Aliporudi, hakumwona. Hakutafuta sana. Na kule getini, walipohesabiwa na mmoja akapungua, alijibu neno moja.

"Amekimbia."

Mlimani, mpagazi akisemwa amekimbia, maana yake katupa mzigo katoroka, na pengine kaiba. Mtu wa namna hiyo hatafutwi. Wenzake walikuja kuupata mwili wake baada ya mvua kuisha, bondeni, si mbali na lile jiwe. Lakini neno lilishafika Kibosho. Mama yake alikuwa akiingia kanisani, watu wanasogeza mikoba yao.

Hellen alimtazama mumewe asimtambue. Alitamani kumpiga, na angempiga angekuwa na haki. Ila alikuwa anampenda, na midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu, na mtoto wao Violet alikuwa amesimama mlangoni anauliza baba ana nini.

"Nilikwambia upeleke sale," Bibi Ndelilio akasema. "Nilikwambia wakati mama yake yuko hai. Ukaniambia, kesho."

Sale ni ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini. Kwa Wachagga, ukimkosea mtu unafunga fundo kwenye jani lake, unampelekea. Akilipokea mkononi amekusamehe, hata kama moyo unamuwaka. Na sale haikataliwi. Watoto wa huku hulijua hilo kabla hawajajua kufunga viatu. Sale ikinyooshwa mbele yako, mkono unatoka wenyewe.

"Mama yake alishakufa," Bibi akaendelea. "Kile kihamba chao hakina mtu. Aliyebaki wa kupokea ni mwenyewe."

Jioni iliyofuata Wilson alisimama barabarani na sale yake. Hellen alimshika mkono. Pa... pa... pa... Mektrida akatokea kwenye kona, akaiona ile sale, akageuka, akaanza kupanda. Wilson akamfuata. Alipofika kwenye daraja la mfongo alianguka kifudifudi, akarudishwa nyumbani kwa toroli la majani ya ng'ombe.

"Anaikimbia," Bibi Ndelilio akasema kwa sauti ya chini. "Anajua akiipokea yameisha. Hataki yaishe." Akamgeukia mkwewe. "Mama Violet. Nyumba hii haina mwenye miguu isipokuwa wewe."

Hellen! Mtu aliyekimbia mara ya mwisho darasa la saba, tena akifukuzwa na nyuki. Mwenye mwili wa mama aliyezoea viazi na mtori, anayehema akipanda ngazi za benki Bomang'ombe. Lakini alikwenda soko la Memorial akachagua raba za mtumba, akavaa suruali ya mazoezi na kujifunga khanga juu yake kwa heshima, akaanza.

Siku ya kwanza hakufika hata kwa jirani. Mbavu zilimchoma, ulimi ukawa na ladha ya chuma, akakaa kwenye nyasi. Watoto walimcheka mpaka wakamwonea huruma. "Mama Violet, marathoni ni Moshi, siyo huku!" vijana wa bodaboda walimpigia kelele. Aliwatukana kimoyomoyo akaendelea.

Aliyemwokoa ni mwalimu Aristides, anayefundisha michezo sekondari.

"Shikamoo mwalimu," Hellen akasema akiwa ameinama, mikono kiunoni.

"Marahaba. Unakimbia kama umeona moto, mama. Punguza. Toka nguzo hii ya umeme hadi ile, kimbia. Inayofuata, tembea. Ukishindwa kuongea, ujue umezidisha kasi. Pumzi haiji kwa hasira."

Lakini ya Hellen ilikuja kwa hasira. Alikimbia akimchukia Wilson kwa neno lake moja, akimchukia Mektrida kwa kumvizia baba wa mwanawe jioni baada ya jioni. Nguzo zikaongezeka. Kutembea kukapungua. Akafika darajani bila kusimama, akafika kanisani, akafika kule barabara inapokunja kuingia kwenye mibuni. Wale vijana wa bodaboda wakaacha kucheka, wakaanza kumpigia honi kwa adabu.

Na kila jioni Mektrida alikuwa mbele yake. Hakuwa anatoroka tena kama zamani. Alikuwa anapunguza mwendo. Anasimama kwenye kona mpaka Hellen aonekane, ndipo anaondoka.

Anamsubiri.

Hellen alidhani anachoka. Akafurahi.

Jambo moja lilimsumbua, akalisukuma mbali. Siku aliyofika darajani bila kusimama, Wilson alishindwa kumaliza chakula. Siku aliyofika kanisani, Wilson alishindwa kulala chali. Alipofika kwenye mibuni, Wilson aliacha kuongea, akawa anaonyesha kwa vidole. Mwalimu Aristides alisema pumzi ni mazoezi. Labda.

Jioni ya mwisho Bibi Ndelilio alikata sale mwenyewe, akaipitisha mikononi mwa Wilson, Wilson akafunga fundo.

"Mkononi," Bibi akasisitiza. "Usimtupie. Mkononi mwake."

Hellen akatoka.

Ukungu ulikuwa mzito. Mfongo ulikuwa unanong'ona pembeni. Harufu ya mafuta ya taa ikamjia kabla hajafika darajani... kisha ile sauti... pa... pa... pa... Akaikaza sale, akaongeza mwendo. Daraja likapita. Kanisa likapita. Miguu ilikuwa myepesi kama ya mtu mwingine. Hakuwahi kujua mwili wake unaweza raha ya namna ile, na aliona aibu kuipata saa ile.

Kwenye mibuni akamfikia.

Wakakimbia bega kwa bega. Kutoka kwenye lile koti la bluu baridi ilikuwa inamjia kana kwamba ameligusa barafu la mlimani. Hellen akanyoosha sale.

"Pokea," akasema. Aliweza kuongea. Hakuwa hata anahema. "Mektrida, nakuomba pokea."

Mektrida alificha mikono nyuma, bado anakimbia.

"Ya nani hiyo?"

"Ya Wilson. Anakuomba msamaha."

"Wilson ana miguu."

"Miguu ilimshinda! Hana pumzi!"

Mektrida akasimama ghafla. Hellen akasimama. Kwa mara ya kwanza akamwona usoni. Alikuwa msichana tu, wa umri wa kuolewa, midomo ya bluu, nywele zimeganda.

"Na hiyo pumzi unayokimbia nayo," akanong'ona, "umeitoa wapi?"

Hellen akashika kifua.

Alikuwa anaisikia mle ndani. Pana. Tulivu. Si yake.

"Nilimwomba anishushe," Mektrida akasema. "Akaniambia nipumue tu. Nami nikamwachia hivyo hivyo, apumue tu. Lakini wewe hukunikosea. Nimekutumia, mama. Na mtu akikosea, kwetu, anajua la kufanya."

Akatoa mikono nyuma. Alikuwa ameshika sale. Haikuwa jani moja, ilikuwa imekatwa pamoja na kishina chake, mbichi, imefungwa fundo. Akainama, akainyoosha mbele ya Hellen kwa mikono yote miwili, kwa adabu, kama alivyofundishwa kwao.

Mkono wa Hellen ukatoka.

Aliulaani baadaye mkono ule. Alisema angekuwa mtu wa pwani, au wa Dodoma, angeuliza kwanza. Lakini alikuwa mtoto wa huku, na sale ilikuwa imenyooshwa mbele yake.

Akapokea.

"Asante," Mektrida akasema, na barabara ikabaki na ukungu peke yake.

Hellen alirudi mbio. Mteremko wote, kanisa, daraja, raba zinapiga udongo. Hakusimama hata mara moja. Kelele alizisikia akiwa bado kwenye mfongo. Alipoingia jikoni Wilson alikuwa ameshalazwa mkekani, kitambaa usoni.

"Alikuwa anarusha miguu," Violet akasema huku analia. "Mama, alikuwa amekaa hapa hapa, lakini miguu inakimbia. Nikamwambia baba acha, akashindwa kuacha."

Bibi Ndelilio hakulia. Alikuwa anaitazama mikono ya mkwewe. Mkono wa kulia, sale ya Wilson, imerudi na fundo lake. Kushoto, nyingine.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Amenipa."

"Ukaipokea?"

"Mama... niliipokea kabla sijajua."

Bibi akakaa chini taratibu. "Basi umemsamehe," akasema.

"Sijamsamehe!" Hellen akapiga kelele mpaka majirani waliokuwa wanaingia wakasimama uani. "Ameniulia mume! Kwa mbio zangu mwenyewe! Naitupa motoni sasa hivi!"

Bibi akamdaka kifundo cha mkono. Mzee yule hakuwahi kuwa na nguvu kiasi kile.

"Sale ya msamaha haitupwi. Ukiitupa umekataa, na ukikataa yanaanza upya. Kwenye nyumba hii amebaki nani, Mama Violet?"

Wote wawili wakamtazama mtoto.

Walimzika Wilson kihambani, chini ya migomba, mchungaji akahubiri juu ya amani. Jioni yake Bibi Ndelilio alimwongoza Hellen kaburini, akamwonyesha pa kuchimba, na Hellen akaipanda ile sale ya Mektrida upande wa kichwa cha mumewe. Hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Ilishika. Kiangazi kile migomba ilinywea na mibuni ikapukutika, ila sale ile ilitoa majani mapya, mapana, ya kung'aa. Watu wakasifia. Hellen akawa anapita kwa mbali asiione.

Siku moja jioni uvumilivu ulimwishia. Alichukua panga, akaenda moja kwa moja kaburini, akaikamata ile sale shingoni, akainua mkono. Alisema kwa sauti, hakujali nani anasikia, kwamba hajasamehe, hatasamehe, na atamfuata yule msichana mpaka kileleni kama ni lazima.

Ndani ya nyumba, Violet akakohoa.

Kisha akaanza kuvuta hewa. Kwa shida... kwa haraka...

Panga likamponyoka. Hellen alikimbilia mfongoni, akachota maji kwa viganja, akarudi, akayamwaga kwenye shina. Akaenda tena. Akarudi tena. Alipiga magoti kwenye udongo uliolowa, analia kwa chuki, huku anaipangusa vumbi ile sale jani kwa jani kwa ncha ya khanga yake, polepole, kwa upole aliojilazimisha, na sikio lake liko mlangoni.